Dripu Nane na Alama za Kengele ya Pili

Tuanze na majigambo, maana nimeyalipia kwa mwili wangu. Nilitundikiwa dripu nane za saratani na nikazimaliza zote. Siyo saba na nusu, nane. Katikati ya dripu hizo nilitazama tamthilia nzima ya watoto wa sekondari, sehemu ishirini na sita, nyingine mara mbili na nyingine mara tatu, na kila sehemu nikaipa alama kwa kalamu nyekundu. Mimi, Deo, mpishi wa mlimani, mtu wa darasa la saba. Daftari lipo, na anayebisha aje Kibosho nimwonyeshe.

Nayaandika haya kwa ajili yako uliyekaa leo kwenye benchi ukisubiri jina lako liitwe. Sitakueleza ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya damu. Hilo waulize madaktari, na kama hukuelewa waulize tena, hawang'ati. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza.

Miaka ishirini na mbili nimefanya kazi mlimani. Tisa ya kwanza nilibeba mizigo ya wageni kichwani, iliyobaki nikawa mpishi. Nimesonga ugali mahali ambapo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana, na wageni wakaomba kuongezwa. Kwa hiyo uvimbe uliponitokea shingoni, upande wa kushoto, mdogo kama punje ya kahawa, nilisema ni jino. Ulipokuwa mkubwa nikasema ni baridi ya mlima. Nilipoongeza matundu mawili kwenye mkanda wa suruali nikasema nimechoka tu. Mke wangu, Fransiska, hakubishana na mimi. Asubuhi moja alinipigia pasi shati jeupe la kanisani, akaniambia, "Baba Resti, vaa, tunashuka mjini," nami nikavaa. Hospitalini walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipeleka maabara, na baada ya wiki mbili wakatuita.

Daktari alisema ni saratani ya tezi. Akasema inatibika, mradi nimalize dripu zote nane, moja kila baada ya wiki tatu. Nikiishia njiani, alisema, itarudi na itakuwa na nguvu kuliko mwanzo. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Moyoni nilijiambia kwamba mtu aliyefika kileleni mara nyingi hivi hawezi kushindwa kukaa kwenye kiti akidondoshewa maji.

Dripu ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa masika, njia zetu za Kibosho zikiwa tope tupu. Unafika hospitali asubuhi, unatolewa damu, halafu unasubiri majibu yake ndipo waamue kama mwili wako utaweza. Damu ikiwa imeshuka unarudishwa nyumbani. Nimeona watu wazima wakilia kwa kunyimwa dawa ambayo njia nzima walikuwa wakiomba wasiipate. Usishangae siku ukilia hivyo na wewe.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Sanya Juu, kajifunga kanga kichwani, na chupa ya chai miguuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mimi ya tano. Shika biskuti. Utaitapika, lakini shika."

Niliitapika. Dawa yenyewe ina rangi nyekundu, na hakuna aliyeniambia kwamba mkojo nao utakuwa mwekundu. Kesho yake Fransiska alipouona alipiga yowe, jirani wakaja wakidhani nimekufa. Sasa wewe umeshaambiwa. Baada ya wiki mbili nywele zilitoka kwa mafungu kwenye mto, kisha nyusi, kisha ndevu ambazo nilikuwa najivunia sana. Mtori wa ndizi wa mke wangu, ambao nimeula tangu tuoane bila kuuchoka, ukawa na ladha ya misumari. Niliona aibu kumwambia, nikawa naula hivyohivyo huku machozi yakinitoka, naye akidhani nimeguswa na upendo wake.

Kilichonitesa zaidi ni kukaa bure. Sijawahi kukaa bure. Nililala sebuleni kwenye kochi, nikasikiliza ng'ombe akidai majani na mvua ikipiga bati, na kila nilipoinuka nisaidie kitu nikarudishwa kama mtoto. Nikaanza kugombana na kila mtu, hata redio.

Ndipo mwanangu wa mwisho, Restituta, akaja na flashi. Resti wakati huo alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapohapo Kibosho, miaka kumi na sita, mdomo mrefu, akili nyingi. Wakubwa zake wote wako Dar. Kwenye flashi alikuwa na tamthilia inaitwa Kengele ya Pili, ya watoto wa shule ya bweni. Yeye na mama yake waliitazama yote miaka ya nyuma ilipokuwa ikionyeshwa, mimi nikiwa mlimani. Niliporudi nikiwa na uchovu nilikuta vipande, nikawacheka kwa kuwalilia watoto wa watu wanaoigiza.

"Tutaitazama upya, Baba," akasema. "Lakini siyo kutazama tu. Tunasahihisha."

Alipiga mistari kwenye daftari. Safu ya hadithi, safu ya uigizaji, safu ya sare na mazingira, jumla kati ya mia. Akanipa kalamu nyekundu. Hakujua amemkabidhi nani.

Sehemu ya kwanza, msichana aitwaye Zuhura anatoka kijijini, anaripoti bwenini na sanduku lake la bati kichwani. Resti aliipa themanini. Mimi niliipa thelathini na tano.

"Baba! Kwa nini?"

"Sanduku halina kitu. Mtazame shingo. Mimi nimebeba mizigo miaka tisa, huyo binti anataka kunidanganya na sanduku tupu?"

Alirudisha nyuma, tukatazama tena. Akacheka mpaka akakaa chini. Sanduku lilikuwa tupu kweli.

Kuanzia hapo niliongeza safu yangu mwenyewe, safu ya chakula. Sehemu ya tatu niliiangusha kwa sababu sufuria waliyoionyesha jikoni haiwezi kulisha watoto mia nne, labda arobaini, na mpishi alikuwa anashika mwiko kama kalamu. Pembeni niliandika, "Jikoni hapajui kitu. Ongezeni bidii." Fransiska alikuja kusimama mlangoni akiwa na ndoo ya maziwa, akatazama, akauliza kwa nini tunapiga kelele. Tukamwambia. Na yeye akasema mwiko ule ni aibu.

Sasa nikueleze jambo la kukusaidia. Siku tatu nne baada ya dripu kichwa changu kilikuwa kinavuja. Jumanne nilitazama sehemu ya sita nikaipa ishirini na mbili, na nikaandika kwamba hadithi haina kichwa wala miguu. Ijumaa nikamwambia Resti tuendelee na sehemu ya sita.

"Tumeshaitazama, Baba."

"Hatujaitazama."

Akanionyesha daftari. Nikamwambia hiyo siyo hati yangu. Tukaitazama upya, nikaipa sabini na moja. Ni sehemu ileile, watoto walewale, maneno yaleyale. Resti akaziandika alama zote mbili bega kwa bega, na kila baada ya dripu akawa ananirudisha kwenye sehemu nilizozitazama siku mbaya. Karibu zote zilipanda. Kwa hiyo usiamue chochote kikubwa ndani ya siku tano za kwanza, iwe ni kuuza ng'ombe, kugombana na shemeji, au kusema umechoka na tiba. Mimi nililijua hilo, nililiandika kwa mkono wangu, na bado nilikosea. Nitafika hapo.

Kuna jingine sikulitarajia. Walimu wa kwenye tamthilia wanafundisha, na nyuma yao ubao una maandishi. Nilimwambia Resti asimamishe picha, anieleze kilichoandikwa. Akanieleza. Nilinakili ubao ule wote kwenye kurasa za nyuma za daftari. Nilipomaliza shule ya msingi nilifaulu, lakini nafasi ya kuendelea haikupatikana nyumbani kwetu, na miaka yote nilijifanya haikuniuma. Iliniuma. Nikiwa na dripu ya tatu mwilini, bila unywele hata mmoja, nilitafuta thamani ya x na nikaipata. Resti aliweka vema kubwa jekundu. Sikumbuki lini nilijisikia mtu kama siku ile.

Pale benchini habari zilienea. Nilimsimulia bibi wa Sanya Juu mambo ya Zuhura ili asahau sindano, na walioketi jirani wakasogea. Wauguzi wakaanza kuniita Mwalimu. Siku yangu ya nne ilikuwa siku yake ya nane, yaani ya kumaliza. Alifungua mlango wa kutokea, akageuka, akasema mbele ya watu wote, "Mwanangu, kama watamfukuza yule Zuhura shule, mimi usiniambie." Nilimpigia simu mwezi wa Agosti nikamwambia hakufukuzwa.

Wiki ile ya dripu ya nne tulifika sehemu ya kumi na nne. Zuhura amemtukana matroni, anataka kuomba msamaha, na mwandishi wa hadithi kaamua kumfanya Mchaga. Kwa hiyo binti anampelekea matroni isale. Kama hutoki kwetu, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na jani lake ndilo tunaloombea msamaha. Unayepelekewa hukatai, hata kama uliumizwa namna gani. Nilikaa wima kwenye kochi nikingojea kuona. Binti akatoa jani la ua la mapambo, lenye mistari ya njano, kalishika kwa mkono mmoja, yuko peke yake, anatafuna bazoka.

Niliipa kumi na tano.

"Baba, watu wa Dar watajuaje?"

"Waje waulize! Isale ni kijani kitupu, linatoka mpakani, linapigwa fundo. Unashika kwa mikono miwili. Na hujipeleki mwenyewe kama unapeleka barua. Unakwenda na mtu mzima wa ukoo anayekusemea, kwa sababu msamaha unataka shahidi."

"Na akikataa?"

"Hakatai. Hajazaliwa wa kukataa isale."

Akaandika yote hayo kwenye safu ya maoni, kwa hati nzuri.

Dripu ya tano iliangukia Juni. Wale wanaofikiri Kilimanjaro kuna baridi kileleni tu wangekuja Kibosho mwezi huo, ukungu unalala mgombani hadi mchana. Mdomo wangu ulikuwa na vidonda, siwezi kumeza hata uji. Lakini hicho sicho kilichonivunja. Siku ya nne nilijikongoja jikoni nikataka kumenya ndizi, angalau nimsaidie mama Resti. Nikamenya tatu. Fransiska akashika mkono wangu ghafla. Nilikuwa nimejikata kidole mpaka ndizi zimekuwa nyekundu, na sikuwa nimesikia chochote. Vidole vyote vilikuwa vimekufa ganzi. Nikashika kisu, nikashika kikombe, nikashika chumvi, sikusikia tofauti. Mimi ni mpishi. Chumvi naipima kwa vidole.

Mchana huo Resti alikuwa nyumbani, ni likizo. Tulikaa mezani watatu, nikasema, "Nimemaliza. Siendi tena."

Fransiska aliweka kijiko chini.

"Zimebaki tatu, Baba," Resti akasema.

"Zibaki. Ugonjwa unataka shingo, dawa inataka mikono. Afadhali niende nikiwa na mikono yangu."

"Daktari alisema ukiacha itarudi."

"Mwili ni wangu, siyo wa daktari."

"Baba, umeshafika tano, tafadhali..."

"Nimesema siendi! Wewe ni nani wa kunipangia?"

Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Basi kufa! Kufa tu, tupumzike!"

Fransiska alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Resti naye aliufunika wake, amechelewa, macho yamemtoka, kisha akakimbia nje akapotelea mgombani. Kwetu mtoto anaweza kumkosea baba kwa mengi, yakaisha. Kumwambia afe, na baba mwenyewe ni mgonjwa, hilo halina mfano. Wazee huogopa hata kulirudia wakilisimulia. Mimi sikukasirika. Niliumia, hasa kwa lile neno tupumzike, kwa sababu nilijua lina ukweli ndani yake. Walikuwa wamechoka. Mtoto alikuwa anakata majani ya ng'ombe kabla ya shule, ananioshea ndoo ya matapishi akirudi, halafu anakaa kucheka na mimi mbele ya runinga. Nilikuwa nimemwona akicheka tu.

Siku mbili hatukusemeshana. Hakula. Runinga ilizimwa na daftari likalala juu ya kabati. Nikiri hapa kwamba nilikuwa nimeshamsamehe kabla hata jua la siku ile halijazama, ila kiburi kilinikaba, nikasubiri yeye aanze.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia mlango wa uani. Aliingia dada yangu Apolonia, mkubwa wetu wote, mwanamke aliyenibeba mgongoni, mwenye goti bovu lisilopenda milima, na alikuwa ameupanda mlima wetu kwa miguu. Nyuma yake alikuwa Resti. Mtoto alipiga magoti kwenye saruji mbele ya kochi langu, akaninyooshea kwa mikono miwili jani la isale, kijani kitupu, lililopigwa fundo, na tope la mpakani bado liko kwenye kucha zake. Kila nilichomfundisha alikuwa amekifanya, hakukosea hata kimoja.

Apolonia ndiye aliyesema. "Deo. Huyu mtoto amekosa. Amenieleza alichosema, na mimi nimemchapa kwa maneno yanayomtosha. Tumekuja kwako."

Nililipokea. Ganzi ya vidole haikuniruhusu kulisikia, ikabidi nilitazame kuhakikisha nimelishika. Nikamwambia Resti ainuke, nimemsamehe, na mimi pia anisamehe. Alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu niugue. Fransiska akalia. Nikafikiri shughuli imeisha, nikaanza kuagiza chai kwa ajili ya dada.

"Chai baadaye," Apolonia akasema. "Umepokea?"

"Nimepokea, Dada."

"Basi sikiliza. Wewe umemsamehe, ni vizuri. Lakini lile neno bado lipo. Ukiacha dawa, ukafa mwezi wa tisa, watu watasema Deo ameuawa na saratani. Huyu hatasema hivyo. Huyu atajua amemuua yeye. Atakwenda nalo kwa mume, atazaa nalo, atazeeka nalo. Isale haliwezi kuliondoa hilo. Ni wewe wa kuliondoa."

"Nitaliondoaje, Dada?"

"Kwa kutokufa, mjinga wewe!"

Nilimtazama Resti, magoti yake yana vumbi la saruji, naye ananitazama, na nikaona kwamba dada yangu hakuongeza chumvi. Mtoto alikuwa ameshaanza kunizika na kujihukumu. Mpaka dakika ile nilidhani napigania shingo yangu, na shingo yangu nilikuwa na haki ya kuiacha. Hii nyingine sikuwa na haki nayo.

Nikasema, "Sawa." Kisha nikaomba chai kwa nguvu, maana nilitaka kulia na sikutaka waone.

Dripu ya sita ilichelewa wiki moja kwa sababu damu ilikuwa imeshuka. Nilirudishwa nyumbani nikalia njia nzima, kama nilivyokwambia. Ya saba nilipata homa nikalazwa siku nne. Daktari nilimweleza habari za vidole, kitu ambacho ningefanya tangu mwanzo badala ya kujikalia na uamuzi wangu, naye akapunguza dawa mojawapo. Ndiyo, inawezekana kupunguzwa. Uliza. Usikae na maumivu yako ukidhani kunyamaza ndiyo uanaume.

Jioni tulirudi kwenye Kengele ya Pili. Sare zilipata alama nzuri, jiko halikupona mpaka mwisho. Sehemu ya ishirini na sita, matokeo yanabandikwa ubaoni na Zuhura anatafuta jina lake kwa kidole, akianzia chini kwa woga. Mimi, Resti na mama yake tuliitazama tumebanana kwenye kochi moja. Nililia waziwazi, na hakuna aliyenicheka. Niliipa themanini na nne, alama ya juu kuliko zote. Resti alidai tisini, akasema nina roho mbaya.

Dripu ya nane niliimaliza Agosti, siku ya jua. Muuguzi alipochomoa sindano nilisimama mwenyewe, nikakataa kushikwa mkono, nikapita katikati ya benchi zile kifua mbele kama askari wa gwaride. Ruhusa hiyo unayo na wewe ukifika. Jivune. Hakuna anayeweza kukuambia hukustahili.

Lakini kumaliza siyo kupona, na baada ya hapo kulikuwa na kungoja kubaya kuliko kote, wiki kadhaa, kisha kipimo kikubwa, kisha kungoja majibu. Resti hakuuliza kitu. Alikuwa akirudi shuleni ananitazama shingoni kabla hajanisalimia. Shikamoo ilikuja baada ya macho.

Tuliitwa Oktoba, kahawa zikiwa zimeiva. Daktari alisoma karatasi polepole, akaisoma mara ya pili kwa sababu nilimwomba. Hakuna kilichobaki. Nitakuwa narudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu, lakini hakuna kilichobaki. Fransiska alimshukuru Mungu kwa Kichaga, "Aika, Ruwa," akakaa chini palepale sakafuni. Alitaka ampigie simu kila mtu. Nikamkataza. Nikamwambia yuko mmoja wa kuambiwa kwanza, na nitamwambia mwenyewe.

Nilichukua bodaboda kutoka mjini. Kabla ya kilima cha shule nilimwambia dereva anishushe, nikapanda kwa miguu yangu, taratibu, nikipumzika mara mbili. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, laini kama za mtoto. Nilikuwa najiona mshindi, na kwa ushindi wangu sikufikiri kitu kimoja ambacho mzazi yeyote angekifikiri. Nilimkuta mwalimu wa zamu, nikamsalimu, nikasema mimi ni baba yake Restituta wa kidato cha tatu, naomba aitwe mara moja, kuna habari kutoka hospitali. Mwalimu hakuuliza habari gani. Alitoka haraka. Nilibaki uwanjani chini ya bendera.

Ndipo akili ikanirudia. Mtoto ambaye baba yake ana saratani anaitwa katikati ya kipindi, anaambiwa kuna habari kutoka hospitali. Nilianza kutembea kuelekea darasani, kisha nikajaribu kukimbia, miguu ikakataa.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu alikuwa amemshika begani, na Resti alikuwa anakuja ameinamisha kichwa, mikono kaishikanisha mbele, hatua moja moja, hatazami popote. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa anaijua siku hii tangu Juni na sasa imefika.

"Resti!"

Aliinua kichwa. Alinitazama viatu, akanitazama shingo, akanitazama uso.

Nilimfikia, nikamshika mikono yote miwili. "Mama, sikufa," nikamwambia. "Wamepima, hakuna kitu. Lile neno nimeliondoa. Rudi darasani."